KAMERA IJE MWISHO

Na katibu mwenezi wa tawi, Rusizi



Katika matawi yetu ya Rusizi liko jambo moja linalozungumzwa kuliko mengine yote, nalo ni mradi wa sauti na picha. Vijana wetu wanaoyajua mambo ya simu huuita maltimedia. Maana yake ni kuuchukua ujumbe mmoja na kuupeleka kwa njia nyingi kwa wakati mmoja: redio, picha ya ukutani, kijitabu, filamu fupi, na sauti za kutumiana kwa simu. Chama kimekubali kuutengea mradi huu fungu kutoka katika ada za wanachama. Jambo hilo ni jema, nami naliunga mkono.

Lakini katika vikao vya matayarisho imetolewa hoja ambayo hapana budi kuipinga mapema, kabla fedha haijatoka. Baadhi ya wenzetu wanasema tununue kamera kwanza, tununue na kompyuta ya kukatia filamu, pamoja na kile chombo kinachoruka angani na kupiga picha mashamba ya chai kutoka juu. Ujumbe, wanasema, tutautafuta baadaye. Mimi nasema hapana. Ada ile imetoka kwa mchuma chai wa Shagasha, kwa mbeba mizigo wa Kamembe, na kwa kibarua wa mashamba ya mpunga ya Bugarama. Hakuna hata faranga moja ndani yake iliyookotwa njiani. Kazi ianze na watu, ije kwenye maneno, kisha kwenye vikundi vya kusikiliza. Kamera ije mwisho.

SHIDA YETU NI IPI?

Mpango wowote usiotaja shida unayotaka kuiondoa ni safari isiyo na mwisho. Ukiwauliza wenzetu lengo la mradi huu watakujibu: "Kuelimisha wafanyakazi." Jibu hilo halitoshi. Kuwaelimisha kuhusu nini? Na tutajuaje kwamba wameelimika?

Natoa mfano mmoja ambao kila mwanachama anaujua. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mchango wa pensheni katika nchi yetu ulipanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi asilimia 12. Nusu hutolewa na mfanyakazi na nusu hutolewa na mwajiri, na imepangwa uendelee kupanda hatua kwa hatua hadi asilimia 20 mwaka 2030. Tufanye hesabu. Mfanyakazi wa mshahara wa faranga 60,000 alikuwa akikatwa faranga 1,800. Kuanzia Januari ile akakatwa faranga 3,600. Mwajiri naye akatakiwa kuweka faranga 3,600 juu yake, kwa hiyo faranga 7,200 ziingie kwa jina la mfanyakazi huyo kila mwezi katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii, yaani RSSB.

Maelezo hayo ni ya dakika nne tu. Lakini mishahara ya Januari ilipotoka, wengi waliona fedha imepungua bila kuambiwa neno. Wako waliosema ni kodi mpya. Wako waliosema ni chama kimechukua. Uvumi ulishuka hadi Bugarama kabla ukweli haujatoka Kamembe, maana uvumi hauhitaji kikao wala bajeti. Wengine hawakuuliza kamwe swali lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: hizo nilizokatwa, je, zimefikishwa RSSB kwa jina langu? Mtu anaweza kukatwa miaka ishirini na uzeeni akakuta jina lake ni tupu. Hapo hata chama kikilia naye, siku zimekwisha pita.

Basi lengo la mradi liandikwe hivi: baada ya miezi mitatu, kila mwanachama tuliyemfikia aweze kuisoma karatasi yake ya mshahara mstari kwa mstari, na awe amekwisha kuulizia RSSB michango yake. Lengo la namna hiyo unaweza kulihesabu kwa vidole. Ukilipata unajua umelipata, na ukilikosa unajua umelikosa.

JIRANI ZETU WALIFANYAJE?

Hatuna sababu ya kuanza gizani. Kazi ya namna hii ilikwisha fanywa na majirani zetu kabla wengi wetu hatujazaliwa, tena bila kompyuta hata moja.

Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilikuwa kampeni ya kuzuia maradhi: malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Vyombo vyake vilikuwa redio, vijitabu vyenye maandishi makubwa na maneno mepesi, na vikundi vya watu walioketi pamoja. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi cha redio, kikasomewa kijitabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asiachwe nyuma, kikajadiliana, kisha kikaamua jambo la kutenda. Kilichoamuliwa kilitendwa: vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba. Kampeni ilikwenda kwa majuma 12, na watu wapatao milioni mbili walishiriki.

Ndugu, angalieni mahali ambapo nguvu ya kazi ile iliwekwa. Redio ilikuwa moja. Viongozi wa vikundi walikuwa kama 75,000! Walifundishwa kwa ngazi: wachache walifundishwa, nao wakawafundisha wengine mikoani, hao wakafundisha wilayani, mpaka kila kijiji kikapata mtu wake. Matayarisho yalichukua zaidi ya mwaka mzima kwa kampeni ya miezi mitatu. Tena haikuwa mara yao ya kwanza. Walikwisha jaribu na vikundi vichache katika kampeni ndogo za miaka ya 1969 hadi 1971. Mojawapo iliitwa Kupanga ni Kuchagua, jina lililotokana na maneno ya Mwalimu Nyerere alipokuwa akieleza mpango wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1969.

Kupanga ni kuchagua. Fedha yetu haitoshi kamera na watu kwa pamoja. Ni lazima tuchague, na Tanzania ya 1973 inatuonyesha upande wa kuchagua. Kilichobadilisha mambo ni kile kikao cha baada ya redio, pale mtu aliposimama mbele ya wenzake na kusema, "Mimi nitachimba choo changu kabla ya Jumapili."

TUNASEMA NA NANI?

Rusizi si mahali pamoja. Anayekaa Kamembe akidhani wilaya yote ni kama Kamembe atapanga vibaya.

Wachuma chai wengi hutoka nyumbani alfajiri na kurudi wamechoka. Wengi hawana simu kubwa ya kioo, bali wana simu ndogo ya vibonyezo, na lugha yao ni Kinyarwanda. Kule bondeni Bugarama, karibu na Burundi na Kongo, kwenye mpunga na kiwanda cha saruji, Kiswahili husikika sana, na madereva wa malori huongea Kiswahili siku nzima. Katika kisiwa cha Nkombo wavuvi na wake zao huongea Kihavu, na jambo la fedha mtu hulielewa vizuri zaidi katika lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, nasi tunaoandika katika ukurasa huu tunajivunia. Lakini kujivunia lugha kusitufanye tumnyime mwenzetu ujumbe. Maneno yale yale ya dakika nne yarekodiwe kwa lugha tatu, na kila moja isemwe na mzawa wa lugha hiyo.

Vyombo navyo vipangwe hivyo hivyo. Redio ya jamii ya hapa Rusizi huwafikia wengi kwa gharama ndogo, lakini mawimbi ya FM huenda moja kwa moja na mlima huyazuia. Aliye nyuma ya mlima anaweza kusikia mikwaruzo mitupu. Mahali kama Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe, tusitegemee redio peke yake. Huko sauti ipelekwe ndani ya kadi ndogo ya simu, kama vijana wanavyouza nyimbo sokoni, na kadi hiyo ikabidhiwe kiongozi wa kikundi. Kwa mwenye simu kubwa, sauti ya dakika nne hula bando kidogo sana, na filamu ya dakika nne huweza kummaliza salio la siku nzima. Mfanyakazi hatatumia fedha ya chumvi kutazama filamu ya chama.

HADITHI HUSEMA KULIKO HOTUBA

Wenzangu wa chama wanisamehe, lakini sisi viongozi tukipewa kipaza sauti hutoa hotuba, na hotuba haimzuii mtu kulala. Mchezo wa kuigiza humzuia.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa majira na UKIMWI. Ndani yake alikuwamo dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mtu wa wanawake wengi njiani, na mkewe Tunu aliyeachiwa taabu za nyumbani. Madereva waliosikiliza walimjua Mkwaju, maana kila kampuni ya malori inaye wake. Jambo la kujifunza hapo ni jinsi walivyopima kazi yao. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo ule haukurushwa katika eneo la kituo cha Dodoma, makusudi, ili waliosikia walinganishwe na wasiosikia. Ikaonekana kwamba mahali mchezo uliposikika watu wengi zaidi walikwenda zahanati kupanga uzazi. Hawakutosheka na kuambiwa kwamba kipindi kimependeza.

Hapa kwetu pia tunao mchezo wa Urunana, ulioanza kusikika mwaka 1999, na Musekeweya, ulioanza mwaka 2004 ukisimulia vijiji viwili vyenye uhasama na njia ndefu ya kupatana. Kila mtu mzima Rwanda anaweza kukutajia mhusika mmoja wa michezo hiyo kama anayemtaja jirani. Basi na sisi tutunge yetu: mchuma chai aliyekatwa fedha na hajui kwa nini, mumewe anayedai kwamba ameificha, na mzee mmoja aliyestaafu ambaye jina lake halikuonekana RSSB. Vipindi sita vifupi vinatosha. Waigizaji tunao ndani ya matawi, watu wanaochekesha msibani na harusini. Wakipewa nauli na chakula watafanya kazi.

Faida nyingine ya mchezo ni kwamba unamlinda mfanyakazi. Kibarua akisimama mbele ya kamera kwa uso na jina lake, akasema mwajiri hapeleki michango, sisi tutapata filamu nzuri na yeye atakosa kazi juma lifuatalo. Katika mchezo jambo lile lile husemwa, na hakuna anayeonyeshwa kidole.

KIPAZA SAUTI KISHIKWE NA NANI?

Hapa nasema kwa uzito, maana sisi Wanyarwanda hatuwezi kuongea juu ya redio kama watu wa nchi nyingine. Tunajua redio inaweza kufanya nini. RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, kwa muziki mzuri na mizaha iliyowavutia vijana. Mwaka uliofuata, katika mauaji ya kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi, ilitaja majina ya watu na mahali walipo ili wauawe. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani watu walioianzisha. Sikusudii kulinganisha kazi ya chama na uovu ule, hasha! Nasema tu kwamba katika nchi hii hakuna mtu mwenye haki ya kusema, "Tutarusha kwanza, kisha tutaona."

Kwa hiyo kabla ya kurekodi hata sentensi moja, kamati ya watu watano ichaguliwe na wanachama wenyewe, wasiopungua wawili wakiwa wanawake. Kila maandishi yasomwe na kamati. Kila tarakimu ihakikishwe. Jina la mwajiri au la mfanyakazi lisitajwe kwa shutuma hewani. Mashtaka yana mahali pake, kwa mkaguzi wa kazi na mahakamani. Na anayepigwa picha au kurekodiwa aelezwe kwanza picha yake itakwenda wapi, akubali kwa hiari, na akibadili nia iondolewe. Sheria Na. 058/2021 ya kulinda data binafsi na faragha inatudai hivyo, na hata ingekuwa haitudai, adabu inatudai.

Miaka iliyopita walikuja watu wa mradi mmoja katika mashamba ya huku. Walipiga picha siku mbili, wakawauliza kina mama maswali mengi ya maisha yao, wakaondoka. Mpaka leo kina mama wale hawajaiona filamu hiyo, wala hawajui imeonyeshwa wapi. Mradi wa chama usiwe wa namna ile. Watu wa kwanza kuiona na kuisikia kazi iliyokamilika wawe wale waliomo ndani yake, nao wawe na haki ya kusema, "Hapa hamkutueleza sawasawa."

FEDHA NA SIKU

Napendekeza fungu ligawanywe mafungu kumi. Manne yaende kwa viongozi wa vikundi: mafunzo yao, nauli na chakula cha siku za kazi. Mawili yaende kwa utungaji, waigizaji na tafsiri. Mawili yalipie saa za redio na uchapaji wa kijitabu cha kurasa nane pamoja na picha ya ukutani inayoonyesha karatasi ya mshahara. Moja linunue chombo cha kurekodia sauti, kadi na betri. La mwisho liwekwe akiba, kwa kuwa hakuna mpango usiopata mvua.

Chombo cha kurekodia kisichokuwa cha bei kubwa kinatosha kabisa, ukijua kukitumia. Rekodi ndani ya chumba chenye mapazia au magodoro ili sauti isirudi ukutani. Kiweke karibu na kinywa, kama umbali wa kiganja kimoja kilichonyooshwa. Usirekodi chini ya mabati siku ya mvua. Ukimaliza, sikiliza yote kabla msemaji hajaondoka. Hayo hufundishwa kwa siku moja.

Ratiba iwe ya majuma 24. Majuma manne ya kwanza tusikilize wanachama tu, tukikusanya maswali yao yenyewe. Majuma manne yanayofuata tuandike, turekodi kipindi kimoja, na kukijaribu kwa kikundi kimoja cha chai, kimoja cha Bugarama na kimoja cha Nkombo. Wasipoelewa, tatizo ni la maandishi, yaandikwe upya. Majuma manne mengine tufundishe viongozi wa vikundi na kumaliza kurekodi. Kisha majuma kumi na mawili ya vikundi, kila juma kikao kimoja: kusikiliza, kusoma, kujadili, kuamua. Kiongozi wa kikundi aandike daftarini mambo matatu tu: waliohudhuria, swali lililokosa jibu, na wangapi wameulizia michango yao RSSB. Daftari hilo ndilo litakalotuambia kama mradi umefaulu.

HOJA YA WENZETU

Wanaotaka kamera wana hoja, nami siidharau. Wanasema vijana wa leo hawasikilizi redio, wanatazama simu. Kuna ukweli hapo. Lakini kijana anayetazama filamu peke yake usiku kitandani huicheka, akaipitisha kwa rafiki, na kesho akaisahau. Kijana huyo huyo akiketi na wenzake kumi wa zamu moja, karatasi zao za mshahara mikononi, hatasahau. Wanasema pia kwamba wafadhili hupenda filamu. Huenda ni kweli, lakini ada hii si ya mfadhili. Tukianza kupanga kwa kuangalia jicho la mfadhili tutasahau sikio la mwanachama.

Tena sikusema kamera isije kabisa. Vikundi vikifanya kazi kwa majuma 12, na daftari likionyesha kwamba watu wameamka, hapo tutakuwa na jambo la kweli la kupiga picha: mfanyakazi aliyeifuata michango yake na kuipata, akitaka mwenyewe kulieleza jambo hilo kwa uso wake. Filamu hiyo itakuwa na maana, na siku hiyo mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono fedha itolewe.

Mkutano mkuu wa tawi ndio utakaoamua. Kila mwanachama aje na karatasi yake ya mshahara mfukoni. Kabla ya kupiga kura juu ya kamera, mtu asimame aombe wenzake wamsaidie kueleza mstari wa pensheni. Wakishindwa kumweleza, basi sote tutakuwa tumejua fedha ya mradi ianzie wapi.

Umoja ni nguvu, na umoja huanza kwa kuelewana.